Kabla ya kubaindi michoro yote kwa mkupuo

Kuna ombi moja ambalo humfikia kila mwandishi wa programu mara tu watu wanapojua kwamba anaelewa mambo ya AutoCAD. "Ndugu, nina michoro mia na ushee kwenye folda moja. Niandikie skripti iingie kwenye kila mchoro, ibaindi eksirefu zote, isevu, itoke. Nataka niende chai, nikirudi nikute iko tayari." Skripti yenyewe haifiki mistari kumi. Hata hivyo mimi siku hizi nalikataa ombi hili, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwa wasomaji ambao si wachoraji: eksirefu ni rejeleo la nje. Mhandisi wa miundo hahitaji kunakili mpango wa sakafu wa msanifu na kuutia ndani ya mchoro wake. Anaurejelea tu. Mchoro wake unahifadhi jina la faili ya msanifu na njia ya kuifikia, na kila unapofunguliwa, AutoCAD inaenda kuichukua faili hiyo kama ilivyo siku hiyo. Msanifu akisogeza ukuta, ukuta umesogea kwa kila mtu. Jambo hili lilikuja na AutoCAD Release 11 mwaka 1990, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo ya busara zaidi yaliyowahi kuingizwa katika programu ile. Mradi wa kawaida huwa na faili moja ya gridi ya nguzo, chache za sakafu, halafu shiti hamsini au sitini zinazozirejelea.

Kubaindi ni kuivunja kamba hiyo. Kilichokuwa nje kinaingizwa ndani ya mchoro na kubaki humo, na tangu hapo hakijui tena kilikotoka.

Sasa tuje kwenye njia, maana ndiko shida inakoanzia. Kwa miaka mingi AutoCAD, usipoiambia vingine, ilihifadhi njia kamili, kitu kama Z:\Miradi\Jengo\GRID.dwg. Ni katika toleo la 2018 ndipo njia ya kulinganisha na folda ya mchoro wenyewe ilipofanywa kuwa chaguo la kawaida. Kwa hivyo miradi mingi ya zamani imebeba anwani za diski ambazo hazipo tena. Seva ilibadilishwa, folda zikahamishiwa mtandaoni, au mtu alizibeba kwa flashi akaenda nazo nyumbani.

Njia ikishakufa, wengi hudhani AutoCAD itasema tu kwamba faili haipo. La, haikati tamaa upesi hivyo. Inaangalia kwanza kwenye folda ya mchoro unaofunguliwa, kisha kwenye njia za mradi ulizoweka, kisha kwenye njia zake za kutafutia faili saidizi, na mwisho kwenye folda ambayo programu ilianzishwa. Ikikutana popote pale na faili yenye jina lile, inaichukua. Haiulizi ni ya lini wala imeandikwa na nani. Inaangalia jina tu.

Na majina yetu jamani! GRID.dwg. BASE.dwg. GROUND FLOOR.dwg. Hakuna ofisi Nairobi nzima isiyo na GRID.dwg tano. Moja ni ile halali iliyoko kwenye folda ya pamoja, na zilizobaki ni nakala zilizoingia kwa barua pepe miezi iliyopita, mtu akazihifadhi palepale penye shiti zake ili asisumbuke.

Ofisi moja ya wahandisi, ambayo sitaitaja, ilihamisha kazi zake zote kutoka seva ya zamani, na herufi ya diski ikabadilika. Shiti zilifunguka vizuri kabisa, hakuna aliyeona onyo hata moja. Kumbe shiti kadhaa zilikuwa zinasoma nakala ya gridi ya kabla ya msanifu kupanua nafasi kati ya nguzo. Shiti za msingi zilisema hivi na shiti za ghorofa ya kwanza zikasema vile. Bahati ilikuwa kwamba mkadiriaji majenzi alijumlisha vipimo mara mbili akaona haviwiani. Mjengoni hakuna wa kujumlisha mara mbili: fundi anapima kutoka kwenye karatasi aliyopewa, vyuma vinafungwa, konkriti inamwagwa.

Ndiyo maana nasema eksirefu iliyopotea hainitishi. Inaonekana, inalalamika, mtu ataitafuta. Inayonitisha ni iliyopatikana mahali pasipo pake, kwa sababu kwenye orodha ya eksirefu hali yake inaandikwa kuwa imepakiwa sawasawa. Dalili pekee ni kwamba safu ya njia iliyohifadhiwa na safu ya mahali ilipopatikana hazilingani. Ni wangapi huzitazama hizo safu mbili? Mimi sijakutana nao wengi.

Sasa chukua ile skripti ya kubaindi uipitishe kwenye folda ya namna hiyo. Faili ambayo haikupatikana kabisa, amri ya BIND inaikataa, kwa hivyo inabaki vilevile na utaiona baadaye. Ile ya zamani iliyookotwa kando inakubaliwa bila neno, inaingizwa ndani ya mchoro, na njia zote mbili zinafutika pamoja na ushahidi. Yaani skripti inaliacha kosa dogo na kuliziba kubwa. Halafu ukute majina ya leya yamegeuka kutoka GRID|NGUZO kuwa GRID$0$NGUZO, au kama ulichagua kuingiza kwa mtindo wa INSERT, leya za mgeni zimechanganyika na za mwenyeji zenye jina lilelile na kufuata rangi na mistari ya mwenyeji. Kurudi nyuma hakuna, ila kama ulikuwa na nakala.

Kazi ya kwanza ya mkupuo iwe kusoma, bila kuhifadhi chochote. Tangu AutoCAD 2013 kuna programu ndogo iitwayo accoreconsole, ambayo hufungua mchoro bila madirisha yoyote na kutekeleza skripti. Weka haya kwenye faili orodha.scr:

(setq b (tblnext "BLOCK" T))
(while b
(if (= 4 (logand 4 (cdr (assoc 70 b))))
(print (list (getvar "DWGNAME") (cdr (assoc 2 b)) (cdr (assoc 1 b)) (findfile (cdr (assoc 1 b))))))
(setq b (tblnext "BLOCK")))

Kisha kwenye faili ya .bat ndani ya folda ya michoro (andika njia kamili ya accoreconsole ikiwa Windows haiioni):

for %%f in (*.dwg) do accoreconsole /i "%%f" /s orodha.scr

Utapata jina la mchoro, jina la eksirefu, njia iliyohifadhiwa, na mwisho njia hiyo tena kama ipo kweli. Penye njia kamili ukiona nil mwishoni, njia imekufa, na hapo angalia kama folda ya mchoro ina faili ya jina lile. Ikiwepo, usiende chai bado. Njia za kulinganisha zikague kwa mkono, kwa kuwa findfile huzipima kutoka folda ya sasa, ambayo huenda si ya mchoro.

Ukishajua kila faili halali iko wapi, mkupuo wa pili ni kurekebisha njia, na hapo hata programu huhitaji kuandika. Reference Manager inayokuja na AutoCAD hutafuta na kubadilisha njia katika michoro mingi bila kuifungua mmoja mmoja. Zifanye za kulinganisha, lakini kumbuka njia ya namna hiyo haiwezi kuruka kutoka diski moja kwenda nyingine.

Najua nitaambiwa mteja anataka faili moja, au kwamba michoro ya mwisho ya kukabidhi lazima isimame yenyewe. Sawa, sina ugomvi. Tengeneza nakala katika folda nyingine, ubaindi nakala, ile ya kazi uiache na kamba zake. Mara nyingi hata hilo si lazima, maana eTransmit hukusanya mchoro pamoja na kila faili unayoirejelea. Lakini nayo hukusanya ilichokipata, kwa hivyo orodha itangulie.

Wenye AutoCAD LT walipata AutoLISP katika toleo la 2024 tu. Kwa matoleo ya kabla ya hapo, hifadhi nakala kama DXF. Hayo ni maandishi matupu, na njia ya eksirefu imo katika sehemu ya BLOCKS chini ya namba 1. Hata Notepad itaiona.