KOFIA KU BENDERA HAIKO KIBURI



Sisi makapita wa darasa la sita tulikosa, na tunaandika tuseme waziwazi. Wadogo wetu wawili albinosi walikuja ku bendera na kofia kichwani. Sheria inasema kichwa wazi. Tukazitosha. Kisha siku ya salongo tukawapeleka shambani sawa wengine, mikono wazi, tangu saa tatu mpaka saa sita. Jioni shingo na masikio yao yalikuwa mekundu. Wengi walicheka, na sisi vilevile, tusifiche.

Tulikuwa tumekwisha kusoma jambo hili katika biolojia, lakini tulilisoma kwa ajili ya egzame tu. Ngozi nyeusi iko na rangi, melanini, inayozuia mionzi ya ultravioleti isiharibu chembe za ndani. Albinosi hana kinga hiyo. Jua linamwunguza leo, kesho, mwaka mzima, chembe zinaharibika polepole, mpaka siku moja kidonda kinatokea usoni, sikioni ao mdomoni, na hakiponi. Ni kansere. Katika Afrika albinosi wengi wanaipata wangali vijana.

Mmoja wetu aliuliza: na Bob Marley je? Kweli, alikufa 1981 na miaka 36 kwa kansere ya ngozi, bila kuwa albinosi. Lakini yake ilianzia chini ya ukucha wa dole la mguu. Ile ni melanoma. Kwa watu weusi inapenda nyayo, viganja na kucha, na si jua linaileta pale. Kwa wazungu, melanoma nyingi zinatoka kwa jua. Basi jua ni moja, ngozi si moja.

Na huku kwetu baridi ya asubuhi inadanganya. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na kila metre 1000 ukipanda, mionzi inaongezeka karibu 10 kwa mia. Wingu jepesi linazuia kidogo tu.

Tunaomba: kofia na mikono mirefu ku bendera, salongo yao ifanyike kivulini, na benchi ya mbele, kwani macho yao vilevile ni zaifu. Wengine wanasema ni upendeleo. Mbona mwenye miwani hatumwambii aitoshe?

Barua iko kwa Bwana Prefe. Zile kofia mbili ziko kwetu bado, moja ilipasuka tulipoivuta. Tunaishona, tutazirudisha siku ya kwanza, mbele ya wote.