Sofa ikibanduka, tazama nyuma ya ngozi kabla ya kumlaumu mama

Mwezi uliopita nilikwenda Sola, wilayani Maswa, kumjulia hali mdogo wangu. Nikakuta sofa zake zimefunikwa khanga, na yeye na shemeji wana siku ya tano hawaongei.

"Dada, nimeharibu mali ya watu," aliniambia hata sijaletewa maji ya kunywa.

Sofa hizo shemeji alizinunua Mwanza miaka minne iliyopita kwa fedha za pamba, akaambiwa ni ngozi halisi. Sasa wageni wa mahari ya binti yao walipokaribia kufika, mdogo wangu alizisugua kwa sabuni ya unga, akaongeza na ile dawa ya kutakatisha nguo nyeupe ili zing'ae. Kesho yake zikaanza kubanduka vipande vipande, wageni wakaondoka na magamba meusi kwenye nguo. Shemeji akasema mkewe amechoma pamba ya msimu mzima.

Nilimwomba tuigeuze moja. Chini yake kuna kitambaa cheusi kilichopigwa pini. Tukafungua kona moja, tukatazama upande wa nyuma wa hiyo "ngozi". Tukakuta kitambaa kilichofumwa, nyuzi zake unaweza kuzihesabu. Ngozi ya ng'ombe haina kitambaa nyuma. Ina vinyuzi laini vilivyosongamana, ukipitisha kidole unavihisi. Nani Sola asiyeijua ngozi ya ng'ombe? Lakini ikishapakwa rangi na kuwekwa dukani, hata mfugaji hudanganyika.

Ngozi bandia ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Jua, joto, jasho na mafuta ya nywele huikausha taratibu, ikapasuka na kubanduka, hata kama haijaguswa na sabuni kali. Nilipomuuliza, mdogo wangu akakumbuka kwamba ile ya dirishani ilikuwa na nyufa tangu mwaka jana, hasa pale shemeji anapoegemeza kichwa. Dawa yake iliharakisha, hilo sikumficha. Lakini haikuanzisha.

Kwa hiyo, msomaji wangu, jua kwanza ulichonacho. Ngozi bandia ifute kwa kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha maji matupu, kisha ikaushe. Ngozi halisi haitaki kuloweshwa. Kitambaa kikamuliwe mpaka kiwe na unyevu tu, na sabuni ya unga isiikaribie, maana huondoa mafuta yanayoifanya iwe laini, nayo ikakakamaa na kupasuka. Kila baada ya miezi michache ipake mafuta maalumu ya sofa za ngozi, ukijaribu kwanza sehemu iliyojificha. Mafuta ya kupikia hapana, yatanuka na kukusanya vumbi. Dawa ya viatu nayo hapana, labda kama unataka mgeni wako aondoke na rangi kwenye suruali.

Vumbi ndilo adui mkubwa huku Simiyu wakati wa kiangazi. Chembe zake ni mchanga. Ukizisugua kwa kitambaa kibichi unakwaruza ngozi. Pangusa kavu kwanza, ndipo ufute. Na unapofagia, nyunyizia sakafu maji kidogo ili vumbi lisihamie kwenye sofa.

Halafu vile vitambaa vya kufuma vya mama zetu, vinavyotandikwa mgongoni na kwenye mikono ya sofa. Siku hizi wapo wanaovicheka kwamba ni vya kizamani. Mimi navitetea. Hupokea jasho na mafuta ya nywele badala ya sofa, na hufuliwa kila wiki. Mtoto akimwaga uji au akikojoa, usisugue. Bonyeza kwa kitambaa kikavu kinyonye, kisha ufute.

Iliyokwisha kubanduka haina mafuta ya kuirudisha, asikudanganye mtu. Gundi nayo haidumu. Mwite fundi sofa aivishe upya, na kama mbao bado ni imara, si lazima yote. Sehemu za kukalia na kuegemea zinatosha kwa kuanzia. Kwa nyumba yenye watoto na vumbi, ningechagua kitambaa kizito kinachovuliwa na kufuliwa.

Shemeji aliporudi kutoka shambani, mimi sikusema kitu. Mdogo wangu ndiye aliyemwonyesha ile kona. Aliipapasa kwa kidole gumba muda mrefu, akauliza risiti iko wapi. Risiti haikuwepo. Akatoka nje kimya, nasi tukabaki tunatazamana.

Jioni nikasikia sauti yake uani akimwita mkewe kwa jina, anaomba maji ya kuoga. Asubuhi nilipoamka, sofa ya dirishani ilikuwa imeshahamishiwa ukuta wa pili.