Hiyo si gundi, ni chakula cha watu

Wasee, kuna mtindo hapa mtandaoni: mtu anaonja papeda, anakunja uso, anaiita gundi, watu wanacheka. Nakiri mimi pia nilitoa video kama hiyo, na watazamaji walikuja wengi. Nimeifuta.

Kwanza, nilionja vibaya. Papeda ni wanga wa sago, kutoka ndani ya shina la mti wa jamii moja na mnazi. Unamwagiwa maji yanayochemka na kukorogwa mpaka uwe mzito, unavutika. Peke yake hauna ladha, kwa sababu haukuumbwa kukaa peke yake! Mwenzake ni ikan kuah kuning, supu ya samaki ya Maluku na Papua, mashariki mwa Indonesia: jodari au vibua, manjano, mchaichai, ndimu, pilipili, rehani. Unazungusha papeda kwa vijiti, unaidondosha kwenye supu, unaivuta mdomoni bila kutafuna. Kawaida watu wanazunguka chungu kimoja, familia nzima. Sasa mimi nilikula bila supu, peke yangu, mbele ya simu. Nani huonja ugali mkavu halafu anatoa hukumu?

Utasema ni mzaha tu. Sawa, lakini angalia mzaha huo unatembea na nani. Enzi za Soeharto, mchele ndio ulifanywa chakula cha maendeleo. Mwaka 1984 Indonesia ikajivunia kujitosheleza kwa mchele, na huku sago ikabaki kuonekana chakula cha maskini na washamba. Mwaka 2010 serikali ikazindua mradi wa mashamba makubwa huko Merauke, Papua, zaidi ya hekta milioni 1. Wamarind, ambao sago ni chakula chao na sehemu ya ukoo wao, wamelalamika miaka yote kwamba misitu yao inafyekwa.

Sisemi video yangu ilikata mti. Nasema ni rahisi kufyeka msitu wa chakula ambacho kila mtu ameshakubali ni takataka.

Na sisi tunajua uchungu huu. Mgeni akiuita ugali wetu simenti, tunamshukia kama nyuki. Basi tuwe na aibu kidogo.

Kabla hujawasha kamera, omba supu kwanza. Halafu uliza nani ameipika.