Usimvute! Shika kichwa kwanza

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pale nyumbani, sikieni neno moja juu ya mtu aliyeumia akiwa ameketi.

Sisemi juu ya yule aliyeanguka na kulala chini. Huyo tunamwogopa, tunasimama mbali, tunaita watu wa machela. Yule aliyeketi ndiye anatudanganya. Kamyo imegonga ukuta wa shimo, dereva yuko kwenye kiti chake, macho wazi, anasema, analomba maji. Tunashukuru Mungu: mzima! Kiisha tunafungua mlango, mmoja anamkamata kwapani, mwingine miguuni, tunamvuta.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa kijana. Mashini ya mwenzetu iliteleza ukingoni ikalala ubavu. Alikuwa anatutukana kwa sababu tunakawia. Tulimtoa sisi watatu, kwa moyo mwema kabisa. Tulipomweka chini aliuliza, "Miguu yangu iko wapi?" Mpaka leo hakuna munganga anayeweza kuniambia kama ni ajali iliyomkata, au ni mikono yetu. Anatembea kwa kiti cha magurudumu, na watoto wake wananiita baba mdogo. Kwa sababu hiyo ninafundisha msaada wa kwanza.

Angalia namna mwili ulivyo. Shingo ina mifupa 7 midogo, na juu yake kinakaa kichwa chenye uzito wa karibu kilo 5. Katikati ya mifupa hiyo unapita mshipa wa fahamu, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Mshipa huo ndio unapeleka amri ya ubongo kwa mikono, kwa miguu, hata kwa pumzi. Mfupa ukivunjika, mshipa unaweza kubaki mzima kwa siku hiyo. Lakini ukigeuza kichwa vibaya, mfupa uliovunjika unaweza kuukata.

Sasa, katika mafundisho yetu tunafanya nini? Tunaleta kiti katikati ya chumba, tunamkalisha kijana mmoja mzima anayecheka, tunamfunga lile koti gumu lenye mbao ndani, ambalo Mmarekani Richard Kendrick alilitengeneza mwaka 1978. Mkanda wa katikati, wa chini, ya miguu, kichwa, na ule wa juu ya kifua mwisho, ili usimbane pumzi. Tunarudia mikanda asubuhi nzima. Siku ya mtihani, anayekumbuka mpango wa mikanda anapata cheti.

Mimi nasema tumeanza mkiani. Koti hilo linafika pamoja na watu wa machela, na watu wa machela hawafiki mara moja. Wa kwanza kufika ni wewe, mwenye mikono mitupu. Kwa hiyo wewe ndiwe unapashwa kufundishwa mbele ya wote.

Na kazi yenyewe siyo ngumu. Angalia kwanza kama mahali ni salama na mashini imezimwa. Usimkaribie kutoka ubavuni ukiita jina lake, maana atageuka kukutazama, na huko kugeuka ndiko tunakokataa. Njoo mbele, akuone, mwambie: "Baba, usitikise kichwa, mimi niko hapa." Mwenzako apite nyuma ya kiti, aweke viganja viwili kando ya kichwa, viwiko vipumzike juu ya kiti, kichwa kikae kikitazama mbele. Ukiona maumivu yanazidi au shingo inakataa, kiache kama ulivyokikuta. Muulize kama anasikia vidole vya miguu, kama anaweza kukufinya mkono. Kiisha ngojeni. Hata kola ngumu ya shingo ikifungwa, mikono haitoki, kwa sababu kola peke yake haizuii kila mwendo.

Katika kamyo kubwa ya mgodi, mara nyingi hakuna nafasi nyuma ya kiti. Hapo utashika kutoka kando: mkono mmoja kisogoni, vidole vya mkono mwingine juu ya mifupa ya mashavu. Hili halifundishwi kwenye kiti cha chumbani. Ndiyo maana ninalomba mafundisho yafanyike ndani ya kabini yenyewe, na usukani wake na ngazi yake nyembamba, tena usiku, kwa taa.

Kuna wakati wa kuvuta: moto, maji yanayopanda, mtu asiyepumua, damu isiyosimama. Hapo usitafute koti wala mkanda. Shika shingo na mgongo viwe mstari mmoja, mtoe upesi. Shingo haina faida kwa maiti.

Tena elimu imebadilika, na sisi tunaofundisha tusione haya kubadilika. Huko Uingereza wachunguzi walipima watu wazima wakitolewa katika motokari. Wakaona kwamba mtu mwenye akili timamu, akielezwa vizuri ajitoe polepole mwenyewe, shingo yake inatikisika kidogo kuliko akitolewa na wengine kwa vyombo. Kwa hiyo siyo kila mtu afungwe kama mzigo. Lakini uamuzi huo ni wa aliyefundishwa kumpima, siyo wa kapita mwenye haraka. Na ule ubao mgumu ni wa kumtolea mtu, siyo wa kumlaza safari nzima. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 300. Asiyesikia miguu yake hasikii pia ubao unavyomchubua, na atafika lopitali na kidonda kipya.

Najua jibu la wakubwa wengine: kazi itasimama, kamyo zingine zinangoja njia. Ndiyo, zitangoja. Ninalomba jambo moja liandikwe katika sheria za kila shimo: yule anayeshika kichwa ndiye anayeamuru. Akisema "bado", ni bado, hata kama aliyesimama chini ya ngazi ni injenieri. Leo mtumikaji anajua la kufanya, lakini anaogopa sauti ya mkubwa, anaachia.

Na wewe mama, pikipiki inapogonga mbele ya nyumba na dereva ameketi kando ya njia akijishika shingo, usiwaache vijana wamsimamishe "tuone kama anaweza kutembea." Piga magoti mbele yake, sema naye, na umwite jirani ashike kichwa kutoka nyuma. Jaribuni leo jioni na watoto, kwenye kiti cha mezani. Dakika 10 zinatosha, na mikono itaanza kuchoka kabla hazijaisha. Mpangeni basi nani atampokea mwenzake, na namna ya kubadilishana bila kichwa kutikisika.