Moto wa Umeme Una Kinga

KILA nyumba iteketeapo kwa hitilafu ya umeme, majirani husikika wakisema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo huwafariji waliofikwa na msiba, lakini si ya kweli. Mara nyingi moto wa namna hiyo hutokana na mazoea ambayo yangeweza kuachwa mapema.

Mfano ulio dhahiri ni pasi. Mtumishi hunyoosha shati lake alfajiri ili awahi kazini, na umeme hukatika. Huiacha pasi juu ya nguo, swichi ikiwa haikuzimwa, akavaa shati jingine na kuondoka. Saa nne umeme hurudi, na nyumbani hamna mtu, au wamo watoto peke yao. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, kuchomoa plagi mara taa zizimikapo hakuna budi kuwe desturi, kama ilivyo desturi kufunga mlango.

Jambo la pili ni kuielemea soketi. Soketi ya kawaida nchini Tanzania ni ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 haistahili kubebeshwa zaidi ya wati 3,000 hivi. Birika la umeme peke yake laweza kutumia wati 2,000, na pasi wati 1,000 au zaidi. Vyombo hivyo vikichomekwa pamoja na jokofu kwenye ekstensheni moja nyembamba, waya hupata joto kali, ganda lake huyeyuka, na pazia lililo karibu hushika moto. Hesabu hiyo hufundishwa darasani na walimu wa fizikia. Ni aibu iwapo somo litaachwa ubaoni na lisifike nyumbani kwa mwalimu mwenyewe.

Fyuzi nayo kazi yake ni kuungua ili nyumba isiungue. Anayeweka kipande cha waya mahali pake hakutengeneza kitu, bali amemfukuza mlinzi.

Lawama haiwaangukii wapangaji tu. Mwenye nyumba anayemwita fundi asiye na leseni ya EWURA kwa kuwa ni rahisi, au anayeongeza vyumba juu ya nyaya zile zile za zamani, anauza hatari kwa bei ya kodi.

Na moto ukitokea, swichi kuu izimwe kwanza. Maji yasimwagwe kwenye chombo chenye umeme. Watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114, ambayo kila mwanafunzi yafaa aijue kwa moyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huweza kujengwa tena. Mtoto aliyeachwa chumbani na pasi iliyosahauliwa harudi.