Tupunguze Ugumu wa Chombo, Si Ugumu wa Fikra

Mwalimu asafiriye kutoka Vwawa kwenda Tunduma huyaona malori yakielekea mpaka wa Zambia. Zamani dereva alikaguliwa upande wetu, kisha akakaguliwa upya upande wa Nakonde. Tarehe 5 Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja, ili taratibu za nchi zote mbili zikamilishwe mahali pamoja. Ukaguzi haukufutwa, kilichokusudiwa kupunguzwa ni hatua. Sisi twaona kwamba somo la Sayansi lifundishwalo kwa kompyuta lahitaji mageuzi ya namna hiyo hiyo.

Programu za kuigiza kazi za uhandisi zimekwisha kupita njia hiyo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa SPICE, programu ya kuchunguza saketi za umeme kabla hazijaundwa. Mhandisi wa wakati ule alieleza kila sehemu ya saketi kwa herufi na tarakimu katika kadi zilizotobolewa, kisha akangoja majibu yachapwe. Mwaka 2002 Carl Wieman alianzisha PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado. Humo mtoto huvuta betri, nyaya na balbu kwenye kioo, akaziunganisha, na balbu ikawaka papo hapo. Watengenezaji wake huwaketisha wanafunzi mbele ya programu, huwasikiliza wakifikiri kwa sauti, kisha hurekebisha pale wanapokwama. Hilo ni funzo kwetu: mwanafunzi akikwama, tusiharakishe kumwita mzito; huenda kosa limo katika chombo, au katika maelekezo yetu.

Hata hivyo, wepesi nao una hatari yake. Mtoto aweza kubonyeza ovyo mpaka balbu iwake, asijue sababu. Kwa hiyo yafaa mwalimu afuate utaratibu huu. Kwanza, watoto washike betri ya tochi, waya na balbu halisi. Pili, kila kundi liandike utabiri: balbu ya pili ikiongezwa katika mfuatano, mwanga utazidi au utafifia? Tatu, ndipo waijaribu saketi hiyo kwenye kompyuta, na kueleza kwa nini utabiri wao ulitimia au haukutimia. Penye kompyuta moja, mmoja aiendeshe na wenzake wamwelekeze kwa zamu. Pasipo na intaneti, programu ipakuliwe mapema. Pasipo na kompyuta kabisa, hatua mbili za kwanza zabaki, na jaribio lifanywe kwa vifaa halisi.

Kipindi ni kifupi, nacho ni mali ya mtoto. Tukikimaliza kwa kufundisha vitufe, mtoto wa Momba au Ileje atarudi nyumbani akijua kubonyeza, asijue umeme. Hatuna budi kumwondolea ugumu wa chombo. Ugumu wa kufikiri tumwachie, kwa kuwa huo ndio elimu yenyewe.