Samatta hakuvuka mpaka peke yake

Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Machi 1 akafunga bao Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ilifungwa 2-1, lakini jina lake likabaki.

Wengi husimulia Wembley na kusahau Lubumbashi. Mwaka 2011 Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo, na mwaka 2015 akatwaa nayo ubingwa wa Afrika. Ndipo Ulaya ilipomwita. Njia yake ilipita kwanza kwa jirani.

Hapa Rejaf, malori ya Nimule yanapoingilia Gumbo, funzo hilo linatuhusu. Mchezaji akivuka mpaka, klabu hushughulikia karatasi zake. Mama mwenye matenga ya nyanya kutoka Elegu hana klabu. Kila kizuizi anakikabili mwenyewe, na akilipa bila risiti hana pa kudai.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hakimfai asiyekijua. Wafanyabiashara wadogo tuunde vyama, tuteue wasemaji, tudai risiti pamoja. Serikali nazo zibandike ada mpakani kwa lugha tunazozielewa. Kidole kimoja hakivunji chawa.